Fundi wa Mahajanga aliyemsikia mtu aliyeanguka Nosy Be

Saa moja na robo asubuhi, mtaa wa Ampisikina mjini Mahajanga, kaskazini-magharibi mwa Madagaska. Umeme umekatika tena. Zalifa Mikidache anawasha jenereta dogo la ofisi, kisha anavaa vipokea sauti vya kichwani kabla hata hajaweka mkoba chini. Kwenye skrini iliyotundikwa ukutani yanajitokeza majina ishirini na tisa: ishirini na matatu ya hapa, sita ya ofisi ya kisiwani Nosy Be. Kila jina lina taa yake. Kijani, mhudumu yuko huru. Nyekundu, anaongea na mteja.

"Naangalia nyekundu kwanza," anasema. "Kijani hainitishi."

Zalifa, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni fundi wa simu za mtandao katika kampuni inayohudumia watu wanaotafuta vyumba vya hoteli na boti za kwenda kisiwa cha Nosy Komba. Mteja hupiga, sauti ikaingia kwenye kompyuta, na mhudumu akajibu kwa Kifaransa au Kimalagasi. Yeye ndiye aliyeunganisha ofisi hizo mbili ziwe timu moja, ili msimamizi aliye Mahajanga azione simu za Nosy Be na, ikibidi, azisikilize.

Hilo la kusikiliza ndilo lililozua maneno.

Ilikuwa Agosti 2019. Mkurugenzi, Daoud, alitaka mhudumu asijue kabisa kwamba anasikilizwa. Habari ilipofika Nosy Be, Laïla, mhudumu mwenye miaka sita kazini, alimpigia Zalifa akiwa amewaka.

"Zoky," alisema, kwa jina ambalo Wamalagasi humwitia dada mkubwa, "sasa unatutegea masikio?"

"Mimi nafunga mitambo tu, mdogo wangu."

"Usiniambie hivyo. Anayefunga ndiye anayejua itafanya nini."

Nyumbani, mtaa wa Tanambao, nako hakupata faraja. Mama yake, Sitti, ni Mkomori aliyezaliwa Mahajanga na kuondoka mwaka 1977 pamoja na maelfu ya wenzake, baada ya mauaji ya Wakomori mjini humo mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Alirudi baada ya miaka saba. Alipoelezwa kazi mpya ya binti yake, aliweka kijiko chini.

"Siku zile walikuwa wanasimama chini ya dirisha letu," alisema, "kusikiliza tunaongea lugha gani."

Hakula tena mlo ule.

Hata hivyo Alhamisi iliyofuata, saa sita na nusu mchana, Zalifa aliwasha mfumo kwa majaribio. Wengi walikuwa wametoka kwenda kula. Kwa upande wa Nosy Be taa moja tu ilikuwa nyekundu, ya Laïla. Dakika tisa. Kumi na mbili. Kumi na tisa. Daoud, aliyesimama nyuma yake, akacheka.

"Huyo anapiga soga. Hebu msikilize."

Zalifa akabonyeza.

"Nilitarajia kusikia vicheko," anasimulia, na mkono wake unapanda wenyewe hadi sikioni. "Nikasikia mtu anakoroma. Halafu mteja, mwanamke, analia: 'Bibie, nijibu! Bibie!'"

Mteja huyo alikuwa kisiwani Réunion. Alikuwa anataja tarehe za safari yake aliposikia kishindo, kiti kikiburuzika, kisha mkoromo ule. Hakujua ofisi iko wapi wala amwite nani. Aliogopa kukata simu. Kwa robo saa nzima alikuwa anaita tu.

Zalifa akaingia kwenye mazungumzo. "Mimi ni mwenzake. Usikate. Bado anapumua?"

Kwa simu ya mkononi akampigia Allaoui, fundi cherehani mwenye duka chini ya ofisi ya Nosy Be. Allaoui akapanda ngazi mbio. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, akauvunja. Zalifa, akiwa Mahajanga, alizisikia mbao zikipasuka, kisha sauti ya mwanamume: "Laïla! Ya Rabi, Laïla!"

"Nimekaa kwenye kiti changu, siwezi hata kumgusa," anasema. "Mpaka leo siamini."

Sukari ilikuwa imemshuka. Laïla ana kisukari, na hakuwa amemwambia mtu yeyote kazini. Daktari wa hospitali alikopelekwa alisema wangechelewa kidogo tu, asingeamka.

Wiki moja baadaye Zalifa alisafiri siku mbili, kwa gari na boti, kwenda kumjulia hali. Laïla alimshika mkono.

"Nakushukuru, zoky. Lakini nilikaa na njaa kwa sababu ya hiyo taa yako. Nilijua siku hiyo mnaangalia nani ametoka kwenye simu."

Zalifa anainamisha kichwa anapofika hapa. "Njia nzima nilikuwa najiona nimemwokoa. Kumbe mimi ndiye niliyemwangusha."

Aliporudi alimwambia Daoud atafute fundi mwingine, au mfumo ubadilike. Daoud alinuna siku mbili, kisha akakubali. Leo mhudumu husikia mlio kabla ya mtu yeyote kuingia kwenye simu yake. Mlo una taa yake ya njano, na haulizwi mtu. Simu ikipita dakika tatu bila sauti ya mhudumu, kengele hulia ofisi zote mbili.

Laïla amerudi kazini. Bado hapendi kusikilizwa, na anasema wazi.

Sasa wakunga wa Nosy Komba wamemwomba Zalifa awafungie mfumo kama huo, ili mkunga mmoja akiwa na mzazi, mwingine apokee simu. Kompyuta mbili kuukuu zimepatikana. Kanuni za nani asikilize nini, Zalifa amemwachia Laïla aziandike.

"Ya kwanza ameshanitumia," anasema, akicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Kaandika: 'Hakuna kuingia bila hodi.'"