Papa Evariste na Sombe Isiyo na Chumvi

"Papa Evariste, utarudi kwenu lini?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa bado mtoto wa mwaka wa tatu primaire, nimeshikilia waya wa lupango lao, yaani uwanja wa nyumba yao, mtaani Saio. Alikuwa ameshuka ndege hivi karibuni kutoka Ubelgiji. Walikuwa wamemkalisha mbele ya nyumba kwenye fotei, kiti kikubwa chenye kitambaa cha kufumwa, soksi ndani ya sandali, na kando yake glasi ya maji iliyofunikwa na kisahani ili nzi wasimkosee heshima. Alinitazama sana. Kisha akanipa bonbon, pipi moja. Nilikimbia na bonbon yangu, swali nikaliacha palepale kwenye waya. Kumbe yeye aliliokota.

Habari hii nimeipata nusu kwake, nusu kwa dada yake Léonie, na kila mmoja anaapa kwamba mwenye makosa ni mwenzake.

Evariste alizaliwa katika lupango lilelile, kitinda mimba wa fundi baiskeli. Mama yao alifariki mapema, basi Léonie, dada mkubwa, ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha kwa nguvu na kumlea kwa maneno. Nasema kwa maneno kwa sababu ulimi wa Léonie unajulikana kuanzia Saio mpaka sokoni. Watu husema, Léonie akikusalimia bila kukutukana, nenda hospitali ukapimwe, labda ameona kitu usoni mwako. Wakati wa vita Evariste alikimbilia Uganda, na kutoka Uganda njia ikamfikisha Liège, ambako aliosha mabasi mpaka mgongo ukakataa. Huko alioa, wakaachana, akabaki na binti mmoja, Orly. Na kila asubuhi ya baridi, akiwa na ndoo yake chini ya basi, kitu alichokitamani si maembe wala jua. Alitamani kusikia mtu akimfokea kwa Kiswahili: "Evariste, weye kichwa ngumu, kuya hapa!"

Basi akapata pensheni yake, akafunga masanduku. Orly akamwambia, "Papa, chumba chako nitakiacha vilevile. Usipozoea, rudi." Evariste akacheka. Mtu azoee nyumba ya baba yake namna gani?

Alipofika, Léonie alikuwa amesimama mlangoni amevaa kikwembe, kitenge chake cha kanisani. Evariste akatega masikio, akangoja tusi lake la kwanza.

"Karibu sana, Papa Evariste," Léonie akasema, tena kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani. "Pole na safari. Ingia, ukae."

Hata hakumwambia kwamba amenenepa.

Ndivyo ilivyoanza. Fotei ya marehemu baba, ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa, ikawa yake. Akaletewa uma, akaletewa maji ya chupa. Akishika bidon aende kuteka maji, Gentille, mjukuu wa Léonie, anamnyang'anya. Akishika ufagio, unapotea mkononi mwake asijue umeendaje. Léonie, ambaye kwa siku moja humwita Gentille mbuzi, kinu kilichopasuka na redio bila betri, kwake alikuwa na neno moja tu: "Papa." Evariste akalala na "Papa", akaamka na "Papa", moyo ukazidi kumsinyaa.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye mwezi ukapita, wa pili ukafuata, jembe hakulionja. Jumamosi moja ya salongo, kazi ya mtaa mzima, avenue yote ilipotoka kuzibua mitaro, akaona siku yake imefika. Akavaa buti, akavaa glavu za rangi ya machungwa zilizobaki za kazi, akatoka kifua mbele. Dady, jirani yetu mwendesha moto, yaani pikipiki ya abiria, akamwona kwa mbali.

"Eh, Papa! Achia siye! Weye ukichafuka, Ubelgiji itakuya kutuuliza!"

Watu wakacheka kwa adabu, cheko lile la kumchekea padri. Mtu akaleta kiti. Evariste akakalishwa ukingoni mwa mtaro na glavu zake, akiwatazama wenzake wakitoa matope. Wapita njia wakadhani ni mkubwa wa mairie, ofisi ya mji, amekuja kukagua. Mama mmoja akasimama mbele yake akamshitaki jirani yake juu ya choo, akaeleza mpaka mwisho, akaomba jibu. Evariste akasema ataangalia. Angesema nini?

Lakini ukweli usemwe, yeye mwenyewe alikuwa anajikaribishia ugeni. Alikuwa akibisha hodi mlango wa nyumba aliyozaliwa. Akitoka kutembea, anasimama nje ya lupango na kupiga simu: "Léonie, niko hapa inje, naweza kuingia?" Na "merci"! Merci ya chai, merci ya sabuni, merci kwa Gentille kwa kumpisha njiani. Siku moja Léonie alimwambia mama yangu, Mama Denise: "Huyu mutu anashukuru kama mutu mwenye anaenda. Mi naogopa kufungua sanduku zake."

Sasa tufike kwenye chungu, maana humo ndimo kisa kilipoiva.

Siku ya kwanza kabisa Léonie alimpikia sombe, na Saio hakuna anayebishana na sombe ya Léonie: majani ya muhogo yametwangwa mpaka yamesahau kwamba yalikuwa majani, mawese, karanga. Evariste alikuwa ameiota miaka mingi. Akapeleka kijiko mdomoni. Chumvi hakuna. Hata punje.

Akafikiri haraka, kama alivyozoea kufikiri huko alikotoka: Dada amezeeka. Ana tension, presha ya damu. Daktari amemkataza chumvi, naye anaona haya kusema. Maskini Léonie! Akameza, akafuta mdomo, akasema, "Merci, dada. Iko tamu sana."

Kesho yake maharagi, bila chumvi. "Iko tamu sana." Akaletewa samaki wa Kasenyi, samaki mzima aliyekuja kutoka ziwani kwa heshima yake, naye hana chumvi. "Hii njo samaki!" akasema Evariste, machozi yakimlengalenga.

Huko jikoni Léonie alikuwa akiwageukia wajukuu kwa ushindi. "Munaona? Niliwaambia!" Maana yeye alikuwa amepata elimu yake kwa Mama Joséphine wa avenue ya pili. Mkwe wa Mama Joséphine alikuja kutembea kutoka Ufaransa, akawekewa chumvi mezani, akaisukuma kwa kidole kama anasukuma sumu. Basi Mama Joséphine akatangaza: batu ya Bulaya hawakulaka chumvi, inawaua. Léonie akaapa kwamba ndugu yake hatafia kwake.

Mngesema, si angepika vyungu viwili? Hamumjui Léonie. Katika nyumba ya baba yao, chungu ni kimoja. Kumpikia mgeni chungu chake ni kumwambia, weye si wetu. Kwa hiyo chumvi ilifukuzwa nyumba nzima. Gentille alikuwa anaificha ndani ya mfuko wa uniforme, shuleni tukamwita Boutique, duka la chumvi. Dady, ambaye zamani moto wake ulikuwa unaharibika kila mara mbele ya lupango la Léonie saa ya chakula, ghafla moto ukapona. Na Léonie mwenyewe, anayependa chumvi kuliko ng'ombe, alikuwa anatafuna sombe yake kimya, akimtazama ndugu yake anavyofurahi, akijiambia: ni sawa, siku moja ataenda.

Hivyo wawili hawa wakaendelea kupendana na kuteseka, kila mmoja kwa ajili ya afya ya mwenzake.

Kisha Orly akapiga simu. Kiswahili chake kimejaa Kifaransa kama mchele uliojaa mawe, lakini neno lake lilieleweka: kuna mwanafunzi anatafuta chumba. Akimpa, chumba kimekwenda. Asipompa, kinamngoja baba. "Papa, décide, amua. Nitapiga tena dimanche."

Evariste akakaa kwenye fotei na simu mkononi. Alimwona Léonie akimfokea muuza makala, makaa ya kupikia, pale kwenye geti, anamfokea vizuri, kwa nguvu zote, na muuza makala anacheka mpaka anashika mbavu. Wivu ukamshika, mzee mzima, wivu juu ya muuza makala. Akajiambia: Hapa mimi ni mgeni. Mgeni ana kwake. Dimanche nitamwambia Orly asimpe mwanafunzi chumba, na Léonie nitamuaga baada ya chakula.

Dimanche, Jumapili ile, ikafika. Walipotoka misa, Léonie akawasha moto nyuma ya nyumba. Evariste safari hii hakungoja mezani. Kwa kuwa ilikuwa mara ya mwisho, alikwenda jikoni, akakaa kwenye kibao kidogo karibu na mafiga, magoti yakamfika kidevuni.

"Papa Evariste! Hapa kuna moshi!"

"Acha nikule hapahapa."

Akapewa sahani. Akaonja. Ileile. Akafikiri: mtu anayeondoka anaficha nini tena? Akaweka sahani chini.

"Léonie," akasema, "hii sombe haina chumvi."

Mwiko ukasimama hewani. Gentille akaacha kutafuna.

"Unasema nini?"

"Nasema, haina chumvi! Na maharagi ya jana, haina! Na samaki ya Kasenyi, ile samaki muzuri, muliiua mara mbili! Tangu nilikuya, ata siku moja! Marehemu baba angerudisha hii sahani mu chungu!"

Léonie akainuka polepole. Hata kuku walisogea.

"Weye Evariste," akaanza, na sauti ile ya misa haikuwepo tena. "Weye mutoto nilibeba mu mugongo mpaka mugongo ikapinda! Miezi yote hii mi nakula majani kama mbuzi ya kufungwa, juu yako! Nalamba mukono yangu juu iko na jasho, nipate kidogo chumvi! Na weye unaikala pale, merci, merci, iko tamu! Ulimi yako uliacha Bulaya?"

"Mi nilizani uko na tension!"

"Mi? Tension? Nani alikuambia? Tension ni weye, mutu anavaa soksi mu sandali kama miguu iko na baridi na hii jua yote! Mutu anapiga hodi kwa baba yake kama muuza vitamini! Glavu ya machungwa! Batu wananiuliza, Mama Léonie, ndugu yako ni polisi ya barabara? Na tumbo! Nilinyamaza, nikasema ni heshima, lakini ile tumbo, Evariste! Uliosha basi ao ulimeza basi?"

Evariste alijaribu kujibu, lakini uso ulikuwa umemsaliti, ulikuwa unacheka wenyewe.

"Unacheka? Chumvi iko mu boutique pale kwenye kona. Miguu uko nayo. Enda! Na ukirudi hapa na merci, nakupiga na huu mwiko!"

Alikwenda. Alikwenda mbio, soksi na sandali, tumbo likitangulia. Dady alikuwa anafuta moto wake kando ya barabara, akashituka.

"Papa Evariste! Kuko nini? Panda nikufikishe!"

"Apana," Evariste akajibu, pumzi zikimkatika. "Nimetumwa."

"Umetumwa? Na nani?"

"Na dada yangu!" Alisema kwa sauti ya mtu aliyeitwa kupokea medali, na avenue yote ikasikia.

Aliporudi, Léonie akamkemea kwamba amechelewa, akamkemea tena kwamba chumvi aliyonunua ni ya mawe na nani ataitwanga. Akaitwanga yeye. Walikula siku hiyo mpaka chungu kikakwanguliwa, Gentille akageuza mfuko wa uniforme wake nje na kukung'uta. Dady alipita, moto wake, kwa bahati mbaya, ulikuwa umeharibika tena palepale mbele ya geti. Evariste alitaka kusema merci. Akauona mwiko. Akasema, "Ongeza."

Simu ikalia. Orly.

"Alors, Papa? Chumba?"

"Mpe mwanafunzi."

"Papa, una hakika? Umefikiri vizuri?"

"Mwanangu, sina nafasi ya kusema. Shangazi yako anasema nioshe vyungu."

Miaka imepita. Leo siku ya salongo Papa Evariste yuko ndani ya mtaro, na Dady anamsimamia juu akimwita Papa Chumvi, anamwambia basi la Liège lilikuwa linaoshwa hivyo ndiyo maana lilikuwa halifiki. Fotei amepewa paka. Soksi tu ndizo zimeshindikana, hata ulimi wa Léonie umekubali kushindwa.

Mimi niko sasa mwaka wa tano wa humanités, sekondari. Wiki iliyopita nilikuwa natoka shule, nikasikia mtu ananiita ndani ya waya uleule.

"Weye, mutoto ya Denise! Uliniulizaka siku moja nitarudi kwetu lini. Bado unataka jibu?"

Nikasema nataka. Kutoka nyuma ya nyumba sauti ya Léonie ilipasua hewa: "Evariste! Maji itakuya na miguu yake?"

Akainama, akainua bidon mbili, akanitazama kwa furaha ya mtoto aliyefanya makosa.

"Nilirudi ile dimanche ya chumvi," akasema. "Kabla ya pale nilikuwa mugeni tu."