Sensa ya Bi Kuruthumu

Anifa hubandika protekta za simu kwenye kibanda cha pembeni pale Mchafukoge, na mdomo wake una kasi kuliko vidole. Mdomo huo ndio uliomponza.

Bi Kuruthumu, mdarizi wa kofia kutoka Ilala, alikuja kutaka protekta nyeusi, ile ya siri, ili wajukuu wasimchungulie meseji. Iliyokuwepo haikuwa na tundu kule juu.

"Bibi, hii itaziba sensa," Anifa alimwambia.

"Sensa? Mimi nilishahesabiwa, mwanangu. Tena karani nilimpa na chai!"

Wakacheka mpaka majirani wakageuka. Hapo Anifa alipaswa kumweleza kwamba sensa ya simu ni kijicho cha kupima mwanga, na kikifunikwa, simu hudhani iko gizani ikafifisha kioo. Lakini wateja walikuwa wamejaa, na utani ulikuwa umekolea. Akabandika.

Leo Bi Kuruthumu amerudi, mnyonge.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nitafutie simu ya vitufe, mama. Macho yameniaga. Maua ya kofia nayatazama humu kwenye picha za simu, siku hizi naona kiza tu. Kofia ya harusi ya mjukuu wangu Ismail nimempa jirani aimalizie. Na sindano zangu zote nimempa."

Anifa akaichukua simu. Angeweza kusingizia simu imechoka, nani angejua? Alipenyeza ukucha chini ya protekta, akaibandua. Jua la mchana likakipata kile kijicho, na kioo kikawaka. Bi Kuruthumu akaisogeza picha ya kofia, akafuata ua moja kwa kidole, uzi kwa uzi.

"Kumbe naona," alisema polepole. Kisha akamtazama. "Ulijua?"

"Nilijua, Bibi. Nilicheka, nikanyamaza. Nisamehe."

"Sensa gani hiyo, Anifa, ya kunihesabu na vipofu?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Anifa alifunga kibanda na wateja wakiwa wamesimama, akambebea Bibi mkoba hadi Ilala kwa jirani. Njia nzima aliona aibu hata ya kuomba radhi tena.

Jirani aliwapokea kwa furaha, akarudisha sindano zote, kisha akaleta na kofia. Ilikuwa nzuri, haina kasoro, na ilikuwa imeshakwisha.