Mzee wa Noted

Mdogo wangu Anna hajanitukana hata siku moja. Ila kwa miaka miwili, kila nilichomwandikia alinijibu neno moja tu la Kiingereza.

"Anna, mtoto anaendeleaje?"

Noted.

"Wiki ijayo nakuja huko, nikuletee nini?"

Noted.

Mama alipolazwa nikamwandikia aya nzima, nimejieleza mpaka machozi yananilenga. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Likaja lile lile.

Nilidhani ananikejeli kwa sababu ya kazi yangu. Wakuu, ngoja niwaambie ilivyokuwa, na mnisamehe nikiwachosha.

Nipo ofisi moja hapa Dodoma, sitaji jina. Tuna grupu la WhatsApp la ofisi, watu arobaini na saba, na humo ndani bila hilo neno, yaani nimepokea, huishi. Bosi akitupia agizo, huku chini ni mvua: Noted. Noted Boss. Noted with thanks. Anayechelewa anaonekana ana kiburi.

Ila neno lenyewe halina sura moja. Likitoka chini kwenda juu ni "ndiyo mzee", hata kama hujaelewa kitu. Likitoka juu kuja chini ni "pole yako". Niliwahi kumwandikia bosi kuomba likizo, akanijibu Noted, na hiyo likizo naisubiri mpaka leo. Munira wa masijala yeye akikuandikia Noted na nukta mwishoni, jua umemuudhi, usipite mezani kwake wiki nzima. Hasani dereva kwake lilimaanisha nipo macho, msije mkasema nimelala.

Mimi nilikuwa wa kwanza siku zote. Sikuwa nasoma. Simu yenyewe ilishanizoea, nikibonyeza N inaniletea neno zima. Wakaniita Mzee wa Noted, na mimi nikaona sifa. Ujinga mtupu.

Sasa Jumatano moja, kabla Anna hajaanza majibu yale, tupo kikaoni, bosi anaongea huku anatupia maelekezo kwenye grupu. Katikati ikaingia voisi ya Anna. Dakika nne na sekunde kumi na moja.

Anna alikuwa na miaka ishirini na mbili, yuko nyumbani Hombolo, analima zabibu na baba. Jumamosi ya wiki hiyo wazee wa kijana mmoja, Joel, walikuwa wanakuja kuleta mahari. Nikajua ni mambo ya sherehe tu, vitenge na nani apike.

Nikabonyeza N, nikamtumia Noted. Nikasema jioni nitasikiliza.

Jioni ikaja na mambo yake. Voisi ikazama chini ya jumbe nyingine, nami nikaisahau kabisa.

Jumamosi nikafika nyumbani nimevaa suti. Wageni wakaingia, salamu zetu za Kigogo, mbukwenyi huku, mbukwenyi kule, wakakaa. Kwenye ukoo wetu mahari haipokelewi kabla nyumba haijaulizwa. Wanaulizwa wajomba, anaulizwa kaka mkubwa, mwisho anaitwa binti aseme kama anawajua wageni. Ila zamu ya binti inapofika mambo yameshaisha. Binti wa kusema hapana mbele ya wazee walioshiba, mimi sijamwona bado.

Baba, Mzee Bartolomayo, akanigeukia. "Abeli, wewe ndiye mkubwa wa watoto. Una neno?"

Anna alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pazia. Alikuwa ananiangalia mimi tu, hata hapepesi.

Nikamtabasamia. Nikasema, "Sina neno, baba. Tupokee."

Akaitwa. Akaulizwa. Akajibu kwamba anawajua, kwa sauti ndogo, machozi yanamtiririka. Akina mama wakapiga vigelegele. Kwetu binti akilia siku hiyo wanasema amelelewa.

Baada ya harusi ndipo majibu yale ya neno moja yakaanza. Mara mbili nilimkuta mkono umefungwa bandeji. Akasema ameteleza, na mimi nikamwambia awe makini.

Mwezi uliopita simu yangu ikajaa. Nikaanza kufuta mavoisi makubwa makubwa, nikakutana na ile. Sijui kwa nini sikuifuta. Nikaibonyeza.

Ilianza na kwikwi, muda mrefu. Halafu akaongea.

"Kaka, shikamoo. Naongea chini chini, mama yuko karibu. Kaka, Joel alinipiga. Pale mnadani, mbele za watu, eti nimechelewa kupokea simu. Baba naogopa kumwambia, ila wewe anakusikiliza. Jumamosi wakikuuliza kama una neno, sema tu tunaomba muda. Basi. Mengine nitayasema mwenyewe. Kama huwezi niambie leo, nijue nafanyaje."

Nilikaa sakafuni. Sikuwa na hata mtu wa kumlaumu.

Kesho yake nikaenda kwake Mkonze. Joel hakuwepo. Nilimkuta Anna uani anachambua mlenda, nikamwambia ukweli wote.

"Hukuisikiliza," akasema.

"Sikuisikiliza, Anna."

Akaweka ungo chini. "Afadhali ungeisikiliza ukakataa. Ningejua nina kaka mbaya, yakaisha. Miaka miwili nakuchukia, kumbe hata hukuwepo."

Nikamwambia afungashe, namrudisha nyumbani. Akasema nianze kwa baba, maana nyumbani walishamtoa mara moja, hawezi kufukuzwa mara ya pili.

Nikamkuta baba shambani anapogolea mizabibu. Nikamsalimia, nikamshikisha simu, nikamsikilizisha yote mpaka mwisho. Nilitegemea anipige na mkasi.

Baba akakaa kwenye tuta.

"Huyo Joel sikumpenda tangu siku ya kwanza," akasema. "Asubuhi ile nilimkuta Anna analia jikoni. Nikamuuliza ana nini. Akaniambia, muulize Abeli, nimeshamwambia kila kitu. Ndiyo maana nikakuuliza mbele za watu. Nilishajiandaa, mwanangu. Ungesema neno lolote, ningewarudisha na ng'ombe wao. Uliposema tupokee, nikajua mmezungumza mkamaliza."

Nikachukua simu, nikarudi Mkonze kumchukua Anna.

Anna amerudi nyumbani na mtoto wake. Mkono wa kushoto haunyooki vizuri. Nikienda ananipokea, ananipakulia chakula, ananiita kaka kama zamani. Ila akiwa na shida anampelekea baba, na baba hanipigii simu kuniuliza ushauri wa jambo lolote.

Wewe unayesoma hapa, ndugu yako hakutumii dakika nne za sauti kwa sababu hana kazi. Sikiliza mpaka mwisho ndipo umjibu. Na kama huna nafasi, mwambie wazi huna nafasi, awahi kutafuta mtu mwingine wa kumwokoa.