Pumu ya Lodi

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba Lodi ana pumu. Nalitaja hapa juu kabisa kwa sababu mimi ni mtu wa kuogopa makosa, na nisipolitoa hili kwanza litanisumbua hadi mwisho wa ukurasa. Kiswahili cha kuandika nimejifundisha mwenyewe. Kila sentensi naipekua kama mtu aliyepoteza funguo, kwa hiyo mnivumilie.

Mpaka leo nikisikia harufu ya jiki narudi Thamesmead, mtaa wa London, kwenye chumba nilicholala na mdogo wangu Rukia. Kila Jumamosi Mama alisugua ukuta kwa jiki na mswaki mkuukuu mpaka ukungu mweusi ukatoweka, na kabla ya Jumamosi nyingine ulikuwa umerudi, umeanzia pembeni mwa dirisha na kushuka hadi karibu na mto wa Rukia. Mwenye pumu alikuwa Rukia. Kifua chake kikianza kupiga filimbi sote tulinyamaza, tukasikiliza kama tunasikiliza taarifa ya habari. Baba aliwapigia simu watu wa ofisi iliyotupangisha nyumba. Walikuja, wakatazama, wakatuambia tufungue madirisha na tusianike nguo ndani. Ilikuwa Januari, katikati ya baridi.

Baba, mtu wa Pemba, alikuwa mlinzi katika kasri moja la kale ambalo siku hizi watu hulipa kiingilio kulitazama. Hakukaa langoni. Alisimama kutwa ndani ya chumba cha kulala cha Lodi, yaani bwana mwenye kasri, kuhakikisha hakuna anayegusa kitu. Jioni, huku Mama akimsogezea beseni la maji ya moto na chumvi aloweke miguu, alituhadithia chumba kile mpaka tukakijua kuliko chetu. Kitanda kilikuwa kirefu, chenye nguzo nne, na juu yake paa la hariri ya buluu iliyofumwa maua, na mapazia yake yakishuka pande zote. Kulikuwa na kingazi cha kupandia. Kuta zilifunikwa kwa mazulia yenye picha za wawindaji na mbwa wao, kioo kilikuwa na fremu ya dhahabu, na dari ilichorwa malaika wanono.

“Wallahi, wale malaika hawajapata kufunga hata siku moja,” Baba alisema.

“Na wewe miguu imekuvimba kwa kuwatazama,” Mama akamjibu.

Nilikuwa na miaka tisa Rukia alipolazwa hospitali. Mama alikaa naye, shule ilikuwa imefungwa, na Baba hakuwa na pa kuniacha, basi akanichukua kazini. Aliniweka kwenye kiti nyuma ya mlango wa chumba kile na kunionya nisiguse hata kamba ya kuzuia wageni. Mvua ilikuwa ikinyesha. Juu ya meko niliona kifaa cheupe, kidogo kama simu, chenye namba.

“Baba, kile nini?”

“Kinapima unyevu. Hariri haitaki unyevu, mwanangu.”

Baada ya muda alikitazama tena, akainua redio yake na kusema maneno machache kwa sauti ya chini. Sikuwa nimemaliza biskuti yangu walipoingia watu wawili mbiombio, mwanamke mwenye glovu nyeupe na kijana anayesukuma mashine ya kukausha hewa. Waliwatoa wageni wote, wakafunga mlango, wakaiwasha mashine karibu na kitanda. Yule mwanamke akamshukuru Baba kwa kuwaita mapema.

Hapo ndipo nilipoelewa, au nilidhani nimeelewa. Lodi ana pumu! Nilifurahi, niwaambie ukweli. Niliona kwamba mtu mwenye kifua kama cha Rukia hawezi kutunyima. Nilipanga maneno yangu kichwani, nikayarudia mpaka hayakuwa na kosa, kisha nikamwendea yule mwanamke na kumwomba kwa Kiingereza safi: Lodi akipata nafuu, tunaweza kuiazima mashine? Mdogo wangu pia anaumwa kifua.

Alichuchumaa, tukalingana. “Lodi yupi?”

“Anayelala hapa.”

Alicheka, wala si kwa ubaya. Aliniambia hakuna aliyelala pale kwa zaidi ya miaka mia mbili.

“Sasa anayeumwa nani?”

“Tunakitunza kitanda, mpenzi,” alisema. Akaenda dukani kwao, akaniletea kadi yenye picha ya kitanda kile.

Baba alikuwa akitazama dari. Ndani ya basi, tulipokaribia nyumbani, alinigeukia.

“Usiombe tena kitu pale.”

“Kwa nini?”

“Mie nishaomba.”

Mama aliibandika kadi ukutani, palipokuwa na doa baya zaidi. Kufika Aprili hariri ya buluu ya pichani ilikuwa imeota madoa meusi, na Mama akaitupa pamoja na mswaki.

Kwa miaka mingi niliamini Baba alikipenda chumba kile kwa sababu ya dhahabu yake, na nilimwonea haya, mtu mzima kusifia godoro la maiti. Nimechelewa sana kuelewa. Pale ndipo mahali pekee London ambapo baba yangu alisema unyevu umepanda na watu wakaja mbio. Nyumbani alisema maneno yaleyale, kuhusu mtoto wake, akaambiwa afungue dirisha.

Rukia alitoka hospitali, lakini hajawahi tena kupanda ngazi bila kupumzika. Baba ameacha kazi, magoti hayamruhusu. Mimi nimehamia Stratford, kwenye chumba kikavu, na kwa mshahara wangu wa kwanza nilinunua mashine ya kukausha hewa. Iko Thamesmead, kando ya kitanda cha Rukia. Ukuta ni uleule.