Upepo Usiong'oa Mizizi

Elmira Sinuiri hakupenda kudanganywa, na kwa miaka mitatu alidanganywa mchana kweupe.

Yeye na kompadre wake Wilder, aliyesimamia ubatizo wa binti wa Elmira, walilinda msitu wa kijiji chao cha Kishipibo, kando ya mto Ucayali. Rada ya setilaiti ilipita juu, ikaona miti iliyoanguka hata chini ya mawingu mazito, na nukta nyekundu zikatokea kwenye simu zao. Ila rada haijui nani kaangusha. Lazima mtu aende akaone, aandike "upepo" au "msumeno". Na kijiji kilishaamua: aliyekata kwa siri na aliyepokea mbao, wote wahame.

Elmira alichukua nukta za karibu kwa sababu ya goti lake. Za kijito cha mbali alizichukua Wilder, tena kwa moyo mkunjufu, na kila mara alirudi na neno moja: upepo. Picha zake zilionyesha mti uliong'oka na mizizi yake. Watu waliponong'ona mkutanoni, Elmira ndiye aliyesimama kumkingia kifua.

Machi hii Wilder aliaga, anakwenda mjini Pucallpa kung'olewa jino. Kesho yake zikatokea nukta saba kule kijitoni. Elmira alimwonea huruma: mtu katoka kung'olewa jino, arudi kukanyaga matope? Akalifunga goti kitambaa, akapanda mtumbwi.

Alikuta visiki vitupu vya mierezi, vimekatwa sawasawa kama meza. Wilder alikuwa ameketi juu ya gogo na wakataji wawili, akitafuna samaki kwa pande zote mbili za mdomo.

Kilichomuuma Elmira zaidi ya miti ni kule kumtetea.

"Picha za mizizi ulizitoa wapi?"

"Mti uleule mmoja, komadre. Nilikuwa nauzunguka tu." Hakuona hata haya. "Andika upepo, yaishe. Kwani sakafu niliyompa mwanao alipoolewa, unadhani ilitoka wapi?"

Elmira akatoa simu yake. Mjukuu wake alikuwa amejifunza kutambaa juu ya mbao hizo.

"Simama hapo kwenye kisiki," akamwambia.

Wilder alicheka, akidhani anataniwa, akasimama. Elmira akampiga picha. Akaandika "msumeno", akaandika jina la Wilder, kisha la binti yake mwenyewe.