Makofi ya Kilo

Kila ninapopita karibu na faktori ya kahawa pale Gatitu, harufu ya maganda yaliyochacha hunirudisha darasani. Mama alikuwa kibarua wa kuchuma kahawa, na harufu hiyo ilikuwa yake: kwenye leso, kwenye mikono, hata kwenye githeri, yale mahindi na maharagwe aliyonifungia ya chakula cha mchana.

Siku moja tulisoma hadithi ya wachumaji watatu ambao watoto wao waliacha shule. Mwalimu alisema msomaji mzuri huangalia mifano, kisha husema jambo moja linalowahusu wote.

"Sasa tunaweza kusema nini kuhusu watoto wa vibarua?"

Mwenzangu wa dawati, aliyekula githeri yangu kila saa saba, aliinua mkono. "Huwa hawamalizi shule."

"Vizuri sana!"

Nikasimama. "Lakini mwalimu, si wote."

"Kwa hii hadithi, kuna mmoja alimaliza?"

"Hakuna."

"Basi keti."

Nilikuwa mfano wa nne, nimeketi mbele yake na sare iliyofuliwa, na hakunihesabu.

"Mpigieni mwenzenu makofi ya kilo!"

Darasa zima likapiga kwa pamoja yale makofi ya kumpongeza aliyejibu vizuri, pa-pa-pa. Mimi pia nikapiga, maana asiyepiga alichapwa.

Jioni nilimkuta mama akimenya viazi. Akaniuliza kama kawaida yake, "Leo umepigiwa makofi?"

"Leo wamekupigia wewe, mami."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ile leso, halafu akaniongezea kiazi.