Siku Tano za Kuhudumiwa Mbamba Bay

Niliondoka nyumbani kwa amri ya daktari. Presha ilikuwa imenipandia darasani, nikaanguka mbele ya kidato cha pili na chaki mkononi, na daktari akaniambia nisipoupumzisha mwili, mwili utajipumzisha wenyewe. Mume wangu, baba Gasto, akatafuta hoteli ya ufukweni Mbamba Bay ambayo ukishalipa umelipa: kitanda, milo mitatu, vinywaji, hata mashua ya kwenda kisiwani. Siku tano. Watoto tukawapeleka kwa bibi yao kijijini Mapera.

Kulikuwa na jambo moja lililonikera moyoni. Chiwanda, mwendo usiofika saa moja kwa pikipiki kutoka hotelini, anaishi shangazi Edina, dada wa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka sita. Kwetu hulali hotelini penye nyumba ya shangazi yako; ni kuitangazia dunia kwamba hana kitanda. Lakini nilijua kwa shangazi hakuna kupumzika. Kuna maji ya kuteka, mihogo ya kumenya na misiba ya kuhudhuria. Nikaamua kuingia kimya na kutoka kimya.

Jumatatu asubuhi tuliteremka kutoka Mbinga. Barabara siku hizi ni lami, ila kona za mlimani ni zilezile. Masweta yakavuliwa moja baada ya jingine, na tulipomaliza kona moja ziwa likaonekana lote kwa mara moja, na milima ya Malawi kwa mbali. Abiria wakachangamka kuonyeshana. Mimi nilitazama upande wa kusini, iliko Chiwanda, kisha nikaacha kutazama.

Siku mbili za kwanza sikuosha hata kikombe. Nililala kwenye kiti kirefu mchangani, juisi ikaja. Nikageukia upande wa pili, karanga zikaja. Asubuhi nilitandika kitanda kwa mazoea, mhudumu akaniomba kwa upole nimwachie kazi yake. Baba Gasto alikula kana kwamba hoteli inafungwa kesho. Jumatano tukaenda kisiwani kwa mashua, tukachungulia samaki wadogo wa buluu na manjano wakizunguka mawe ndani ya maji maangavu. Nilikuwa na furaha, sikatai.

Mchana huohuo ndipo nilipokamatwa. Tuliletewa mbasa wa kuchoma. Nikaanza na kichwa, nikafyonza macho, mifupa nikaipanga pembeni ya sahani. Mpishi, mama wa makamo aliyekuja kuuliza kama chakula kimetupendeza, akasimama kunitazama.

"Mwalimu, umejiandikisha mtu wa Mbinga, lakini mtu wa Mbinga hali kichwa cha samaki hivyo," akasema. "Wewe ni wa nani?"

Swali hilo kwetu halijibiwi kwa uongo. Nikataja ukoo, nikamtaja na shangazi.

"Bibi Edina wa Chiwanda! Tunasali kanisa moja." Akafurahi, halafu akakitazama kile kiti kirefu nilichotoka kulalia, furaha ikampungua. "Nitamfikishia salamu," akasema.

Alhamisi asubuhi alikuja mezani na jibu, na alilitoa bila kunitazama usoni. "Amesema usijisumbue, mwalimu. Amesema mtu wa hoteli ana ratiba yake."

Uji ulinishinda. Baba Gasto akaweka kijiko chini. "Hii nayo ni presha," akasema, "na dawa yake iko Chiwanda." Tukafunga mizigo, tukaiacha hoteli na siku zilizobaki, tukakodi pikipiki mbili.

Saa tano tulifika. Shangazi alikuwa akianika usipa, wale dagaa wa ziwa letu, juu ya kichanja. Nikapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Karibuni, wageni."

Hakuniita Lusia. Akatoa viti viwili vya mbao, vile anavyokalia kasisi akija. Nilipoinuka nimfuate jikoni, akanizuia kwa kiganja. "Kaa, mwalimu. Mgeni haingii jikoni." Kisha akaleta maji ya kunawa, akaninawisha yeye mwenyewe, mgongo umeinama kwa uzee. Hotelini nilihudumiwa siku tatu na watu nisiowajua, nikaona raha. Maji yale ya shangazi yaliniuma.

"Shangazi, nimekosa," nikasema. "Niliogopa kazi. Nilianguka darasani, daktari akaniambia nipumzike."

Akabaki ameshika birika. "Ulianguka," akasema, "na hilo pia hukuniambia."

Jioni alinitandikia kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka, na nilipokataa akaniambia mgeni habishani na mwenye nyumba.

Ijumaa tulitakiwa kupanda gari la saa sita, kwa hiyo nilibakiwa na asubuhi moja tu. Kulipopambazuka nikauchukua ufagio nyuma ya mlango, nikaanza kufagia uwanja bila kuomba ruhusa. Mgeni hafagii uwanja wa watu. Kama shangazi angeninyang'anya ufagio ule, ningejua nimempoteza.

Mlango ukafunguliwa. Akasimama pale amejitanda khanga, akanitazama, akautazama uwanja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Lusia, pale kando ya banda la kuku umeruka."

Nikarudi kando ya banda la kuku nikiwa ninalia, nikapafagia mara mbili. Baada ya hapo akanituma maji, akanituma kuni, akaniambia chumvi nimezidisha. Baba Gasto akapewa shoka.

Naiandika safari hii kwa ajili ya wenzangu wa Mbinga wanaoniuliza kama hoteli ni nzuri. Ni nzuri, nendeni. Ila kuna nyumba ambayo siku ukihudumiwa ndani yake, ujue umeshatoka, na mimi nilikuwa nimetoka kwa miguu yangu mwenyewe, nikidhani ninakwepa kazi.

Shangazi alitusindikiza hadi barabarani mikono mitupu, bila kifurushi cha mchele anachopewa kila mgeni. Gari lilipokuwa linasimama, akanishika kiwiko.

"Desemba uje na jembe lako, la hapa limevunjika mpini. Na hizo dawa zako usizisahau. Tutalima polepole."